Mkate wa Kituruki Uliomo Kapuni Mwako

Mwanangu Tatu,

Wajerumani waliuachia mji huu boma, mapadri wakauachia kanisa, Waarabu wakauachia nyumba za mawe na milango ya nakshi. Mimi mjomba wako Sefu nimeuachia mkate laini. Kabla yangu Bagamoyo ilikuwa inakula mihogo, na mikate ya dukani ambayo ukiiangusha sakafuni paka anakimbia. Baada yangu wakubwa wa serikali wakitoka Dar es Salaam walikuwa wanasimamisha gari hapa mlangoni, dereva anashuka, anauliza, "Kwa yule bwana wa mkate wa Kituruki ni hapa?" Umeyasikia haya tangu unatambaa. Nimeyaandika tena kwa sababu barua ya mtu mkubwa haiwezi kuanza na habari ndogo.

Desturi ya barua ni kuuliza hali. Hali yako naijua. Upo chumba cha pili, mlango umeurudishia, nasikia unatia nguo sandukuni kwa kishindo kana kwamba kila gauni limekukosea. Hali yangu nawe unaijua, maana moshi wa jiko langu unakufikia na umeshakohoa mara kadhaa bila kusema neno. Ndipo tulipofika, mimi na wewe. Tunajuliana hali kwa kikohozi.

Naandika kwa sababu nikisema nitaongeza. Mdomo wangu ukishaanza hauna breki. Kalamu ni kitu kingine. Kwa mtu aliyesoma darasa la tatu na kipande cha la nne, kila neno ni jasho, na mtu hawezi kutoka jasho kwa ajili ya uongo. Kwa hiyo humu utapata ukweli mwingi kuliko uliowahi kuupata kinywani mwangu. Nimesema mwingi, sikusema wote.

Mambo ya kuvaa sweta huko bara, ya kufunga mlango, ya kutokula vya njiani, hayo Bi Mwanaidi amekwisha kukuambia kupitia dirishani kwake, mpaka mtaa mzima sasa unajua utalalaje na utaoga saa ngapi. Siyarudii. Yule ni jirani, ana haki ya kukuusia. Mimi sijui kama haki hiyo ninayo bado.

Naandika huku nakanda. Ukiona doa la samli, au unga umekwama kwenye mistari, ujue hapo niliinuka. Nimekishusha ukutani kile kikaango changu cha chuma, nimekisugua kwa mchanga mpaka kinang'aa. Kopo la hamira nimeliweka dirishani pa uani, makusudi, ulione ukipita kwenda kuoga. Ni hamira ya dukani, Tatu. Imetoka Dar es Salaam, na kopo nimelifungua leo leo. Sitaki uwe na shaka yoyote juu ya mkate huu.

Maana huu ni mkate wa safari yako. Tangu ile Shaabani hujatia mkate wangu kinywani. Futari nzima ya Ramadhani iliyofuata ulikuwa unakula uji na tambi, sahani ya mkate unaisogeza kwangu kwa adabu, "Karibu mjomba," na wewe mwenyewe huugusi. Kila asubuhi unanipa shikamoo, naitika marahaba, basi. Shikamoo yako imekuwa kama kodi ya nyumba, unailipa, unaondoka. Nimekuomba nikusindikize mpaka stesheni ukasema, "Hapana haja, mjomba, usijisumbue." Kesho alfajiri utapanda basi, ukifika Dar utapanda treni, kisha chuo cha ualimu kitakuchukua na sijui kitakurudisha lini. Ninalotaka ni moja. Uuchukue mkate huu, na huko ndani ya treni uumege. Ukiumega nitajua umenisamehe. Sijui nitajuaje kutoka huku, lakini nitajua.

Nakwenda kutazama unga.

Nimerudi. Unga unaumuka, mashaallah. Tangu nianze kukanda sijaona unga wenye afya kama huu. Umepanda mpaka umeinua sahani niliyoufunikia.

Nikueleze ulivyo, maana kila siku ulikuwa unaukuta nimeshaukanda. Unatia hamira na sukari kidogo katika maji ya vuguvugu, maji ambayo kidole kinaweza kukaa. Yakizidi moto hamira inakufa, na ikishafa hapana dua ya kuifufua. Inapofanya povu unaimimina katikati ya unga, chumvi, halafu maziwa ya mgando. Hayo maziwa ndiyo siri ya Mturuki. Ndiyo yanayoufanya mkate uwe laini mpaka kesho yake. Unakanda mpaka unga uwe kama ndewe ya sikio, unaufunika, unauacha. Ukishaumuka unakata madonge, unayaacha tena yapumzike, kisha unayasukuma, si membamba kama chapati. Mkate uwe mnene, nusu kidole. Kikaango kiwe kikavu, bila tone la mafuta. Mkate unautupa humo, unafunika, unasubiri utunge malengelenge juu, unageuza. Ukitoka motoni unaupaka samli na kuufunga kitambaani ungali na moto, ule mvuke wake wenyewe ndio unaoulainisha. Watu wengi hapo ndipo wanapokosea. Wanauacha wazi, wanaukalia kuusifu, nao unakauka wakiwa wanausifu.

Sasa huyo Mturuki. Umesikia kwamba nilikuwa rafiki wa nahodha wa meli kubwa ya Uturuki, kwamba alinipakia mpaka Istambuli, nikakaa kwa mwokaji wa mfalme, na siku ya kuondoka wakalia. Nilikuwa kuli bandarini Dar es Salaam, Tatu. Nilikuwa kijana, nabeba magunia. Meli ilitia nanga, mpishi wake alikuwa mtu mfupi mwenye masharubu, akawa anapika mkate juu ya chuma kila asubuhi, nami nikawa napita na gunia langu taratibu kuliko ilivyopasa ili niione mikono yake. Aliponiona natazama alinimegea. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu mtu kunipa kitu nisichokiomba, tena cha moto. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Hatukuwa na lugha. Alikuwa ananishika kidole anakitia kwenye maji yake ya hamira, anatikisa kichwa: hivi, si hivi. Meli ikaondoka. Huyo ndiye mwokaji wa mfalme.

Naona habari hii ya kweli ni nzuri kuliko ile ya uongo. Kwa nini sikuisimulia hivi siku zote, sijui. Nadhani niliogopa kwamba ndani yake mimi nimo kidogo sana.

Hiyo bandari yenyewe niliondoka kwa mdomo. Msimamizi aliuliza nani anajua kuendesha winchi, mkono wangu ukapanda wenyewe. Nilikuwa sijawahi hata kuigusa. Magunia ya sukari yalikwenda majini, papa wakanywa sharubati, na mimi nikarudi Bagamoyo kwa miguu. Nikisimulia barazani, nikifika hapo huwa watu wanacheka, nami nacheka nao. Lakini mama yako, dada yangu Mwajuma, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakucheka. Alinipa maji ya kunywa akasema, "Sefu, kaka yangu, hivi ukinyamaza unaumwa?" Nilimjibu kwa utani. Leo ningemjibu kwamba ndiyo, naumwa.

Na Rehema mke wangu, ambaye wewe ulimwahi kidogo tu ukiwa mtoto. Nilimwoa nikiwa na kikaango na maneno. Yeye ndiye aliyekuwa anaamka alfajiri kuwasha jiko, yeye ndiye aliyegundua kwamba ukikosa maziwa ya ng'ombe unaweza kutumia tui lililolala, mkate ukatoka na harufu nzuri zaidi ya ule wa Mturuki. Wateja walipousifu mkate wa tui nilisema ni ufundi wa Istambuli. Mbele yake. Yeye kashika sinia, mimi nasema Istambuli. Siku aliyofunga mzigo wake kwenda kwao Saadani hakunitukana. Alisema tu, "Nyumba yako, Sefu, haina nafasi ya jina la pili." Nikawaambia watu nimemwacha kwa sababu ya wivu wake. Watu wakaniamini, maana nasimulia vizuri.

Sasa nimefika nilipokuwa napaogopa. Nimenoa kalamu ya risasi mara mbili ili nichelewe.

Wewe siku ile ya Shaabani ulikuwa nyuma ya pazia, ulisikia, lakini hukuona. Nitakuandikia nilichokiona mimi.

Bwana Salehe alitoka Pangani na dada yake na wazee wawili, kuja kukamilisha maneno ya posa ya mwanawe Nasoro. Watu wa dini, watu wa duka la nguo, jina lao safi toka Pangani mpaka Tanga. Na Nasoro ulimpenda. Usifikiri mjomba wako haoni. Ulikuwa unapiga pasi kanga za kukaa nazo ndani. Mimi nilikuwa nimeshawatangazia mkate wa Kituruki kwa barua na kwa kila msafiri aliyepanda basi la kwenda huko. Halafu wiki ile ile hamira ikatoweka. Madukani hakuna, kwa Mhindi hakuna, Dar es Salaam kwenyewe wanaitafuta kama dawa.

Ulikuja ukaniambia, "Mjomba, tupike chapati. Chapati nazo watakula."

Nikakwambia, "Chapati anapika kila mtu."

"Ndiyo maana, mjomba. Hatutaki kuonekana siku hiyo. Tunataka kupita."

Maneno hayo ulisema wewe, mtoto wa juzi, na mimi sikuyasikia. Nilikwenda Zinga kwa yule mgema wa mashamba ya minazi, nikachukua tembo la asubuhi, lile tamu, lililoshuka mnazini sasa hivi. Nikalichuja kwa kitambaa, nikakandia unga. Wewe hukujua. Bi Mwanaidi alijua, maana pua yake inajua kila kitu. Alipokuwa anageuza mikate kikaangoni alinitazama, akafunika. Sikuzua mimi. Bibi zetu wa mji huu, waliokuwa hawakosi sala hata moja, vitumbua vyao vilikuwa vinaumuka kwa kitu gani kabla hamira haijaja? Walitia, wakapika, wakagawa mpaka msikitini, na hakuna aliyefungua kinywa. Mpaka leo ninaamini halikuwa kosa langu kutia. Masheikh wanaweza kubishana juu yake mpaka asubuhi. Kosa langu lilikuwa jingine.

Sinia ikaingia. Mikate ilikuwa imefunikwa kawa, wakaifunua, mvuke ukatoka. Bwana Salehe akamega, akatia mchuzi, akatafuna. Akafumba macho. Nilikuwa namtazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Akamega tena. Akasema:

"Mashaallah. Mkono wa binti huu una baraka. Nasoro hatatamani kula nje."

Wazee wakaitikia, "Amina." Dada yake alikuwa ndani na nyinyi wanawake, nikasikia naye huko anasema, "Bwana harusi kapata."

Hapo, Tatu, ilikuwa imekwisha. Palibaki kusema alhamdulillahi na kunawa. Ulikuwa umeshaolewa. Mkate ulikuwa umefanya kazi yake, nao umepita, kama ulivyotaka.

Lakini alisema mkono wa binti.

Nilihisi kitu hapa kifuani, kama mtu kaninyang'anya sahani. Nikacheka nikasema, "Bwana Salehe, huo mkono ni wangu."

Akatabasamu, mtu mwungwana yule. "Hata kama umesaidia, Bwana Sefu, nyumba ni moja."

"Sikusaidia!" nikasema. "Nimekanda mwenyewe, peke yangu. Na nikwambie, mji mzima huu hauna hamira. Hauna! Hebu bahatisha nimeuumusha kwa kitu gani?"

Bi Mwanaidi akakohoa nyuma ya pazia. Kikohozi kile kilikuwa kamba nimetupiwa nikiwa majini. Nilikisikia vizuri kabisa.

"Tembo la Zinga," nikasema. "Tembo tamu la asubuhi. Nani mwingine angefikiria?"

Bwana Salehe mkono wake ulikuwa njiani kwenda kinywani. Aliurudisha. Alilokuwa nalo mdomoni alilitoa kwenye kiganja, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki, akaomba maji. Huko ndani dada yake akaanza kusema astaghafirullah kwa sauti ya kupanda. Mimi nikawa naeleza. Nikaeleza kwamba tamu halilevyi, kwamba moto umekwisha kuliunguza, kwamba bibi zetu. Alinawa mpaka akamaliza. Halafu akaniambia maneno ambayo nayasikia kila ninapowasha jiko:

"Sikukuuliza, Bwana Sefu. Nilikuwa nimekula, nimeshukuru. Sikukuuliza."

Waliondoka kwa heshima, na kwaheri walituaga. Majibu yakaja baadaye na mtu wa tatu, kwamba mambo hayakuwafikiana. Nasoro ameoa Tanga. Watoto wa mtaa wakapata wimbo wa kukuimbia ukienda kisimani, na wewe ukaacha kwenda kisimani mchana.

Nilimchukia sana Bwana Salehe. Nilisema kila baraza kwamba ni mnafiki, kwamba anauza nguo Ijumaa wakati wa hutuba. Niliwachukia wagema, hamira, serikali. Nilimchukia hata Bi Mwanaidi kwa kutokukohoa kwa nguvu zaidi. Mtu anaweza kuishi kwa chuki muda mrefu, inashibisha. Nikawa nakungoja wewe unitukane, nami nikutukane, tulie, yaishe. Wewe ukanipa shikamoo.

Kitu kimoja nataka ukijue, si ushauri, ni kama kukuonyesha kovu. Akisifiwa mtu mwingine mbele yako, kile kitu kinachopanda kifuani kitakuja kwako pia. Wewe ni damu ya kwetu. Utakuwa mwalimu, mtoto atajibu vizuri darasani, mkaguzi atamsifu mwalimu mwenzako aliyekuachia darasa hilo. Kitapanda. Mimi sikuwahi kujifunza cha kufanya nacho. Mama yako alijua. Alikuwa anajishughulisha na jambo la mikono, anapepeta mchele hata kama umeshapepetwa, mpaka kinashuka. Nilidhani anapenda usafi.

Magharibi imeadhiniwa. Nimeswali, nimerudi. Nimeyasoma haya yote tangu juu, na kuna mahali nimekudanganya. Sikati, kwa sababu ukikata mtu anaona kidonda. Bora nikwambie.

Pale nilipoandika kwamba unga umepanda mpaka umeinua sahani, haukupanda. Haukupanda hata kidogo. Nilikuwa nimeshughulika na barua hii, nimefika pale pa Wajerumani na boma, nikafurahi na maneno yangu, nikasahau maji jikoni. Nikamimina yakiwa ya moto. Mimi, niliyeshikwa kidole na Mturuki, nimeua hamira. Nilikaa nikiungoja unga uamke, nikakuandikia kwamba umeamka, nikidhani ukishaandikwa utaona haya upande kweli. Nikaukata madonge hivyo hivyo, nikasukuma, nikapika. Umesikia kishindo jikoni ukadhani ni kuni. Ilikuwa mkate umeanguka.

Bi Mwanaidi aliingia bila hodi, kashika mmoja kwa ncha za vidole.

"Bwana Sefu, hiki nini?"

"Mkate."

"Wa kuezekea?"

"Acha mzaha, Bi Mwanaidi. Leo si siku."

"Kuku wangu nimewamegea. Wananitazama kama nimewatukania mama yao." Kisha akaniona usoni, akaacha kucheka. Akakaa kwenye kibao. "Unga umebaki?"

"Umebaki."

"Na hamira?"

"Dirishani."

Alikanda yeye, Tatu. Nilikaa pembeni nikamshikia taa. Miaka yote hii alikuwa anakuja kunigeuzia mikate kikaangoni, nami nikajua anajua kugeuza tu. Anajua yote. Hakupima kitu. Maziwa ya mgando yalikuwa yamekwisha, akaenda kwake akarudi na tui lililolala. Nikamwuliza amejifunza wapi hilo. Akanijibu, "Kwa Rehema. Wewe ulikuwa Istambuli."

Nikapepeta unga uliokwisha kupepetwa.

Alipomaliza aliifunga mikate kwenye kitambaa, akajifuta mikono, akasema kwa sauti ya chini usije ukasikia: "Mwambie umepika wewe. Ataumega huko njiani, moyo utalainika, mtapatana. Mie sina haja ya kutajwa."

Nikamwambia, "Asante, Bi Mwanaidi."

Na nikwambie, nilikuwa nimekubali. Nilikuwa nimeshaiweka kapuni, nimeshapanga maneno. Ungeufungua ndani ya treni, ungeukuta laini, ungesema mjomba amejitahidi. Ungeumega. Na mimi huku ningehesabu kwamba nimesamehewa. Hakuna ambaye angejua, na safari hii mwenye mkono mwenyewe ndiye aliyeniruhusu.

Ndipo nikarudi kwenye barua hii nikamkuta Bwana Salehe na maji yake ya kunawa.

Kwa hiyo nakwambia kabla hujala, tofauti na yeye niliyemwambia ameshatafuna. Mikate iliyomo kapuni mwako ni ya Bi Mwanaidi. Hamira yake ni ya kopo, tui lake ni la nazi ya uani kwake, na ufundi ni wa Rehema. Ule bila wasiwasi. Ukiumega hujanisamehe, umekula tu mkate wa jirani. Hilo lingine ulibebe mpaka utakapotaka mwenyewe, au usitake. Sitauliza.

Kesho nitakaa ndani mpaka basi lipite. Nimekuwekea na kikaango, chini ya kanga, kinalemea kidogo. Huku hakitakuwa na kazi.

La mwisho ni hili, halafu nazima taa. Mmoja nimeuonja. Alipotoka Bi Mwanaidi nilifungua kitambaa nikachukua ule wa chini, nikala nimesimama, wote. Ndiyo maana fungu lako limepungua. Ni mkate laini kuliko wowote niliowahi kuupika mimi, Tatu, hata ule wa siku ile.

Mjomba wako,
Sefu